Mama Mdogo Afike Geti Kuu

3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa wala aliyefukuzwa kazi. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako siku hizi ni mali ya binti yangu Hakimu. Nikituma ujumbe, yeye ndiye anayeufungua, anakusomea, na kujibu anajibu yeye kabla wewe hujavaa miwani. Na hili ninalotaka kukuambia, Hakimu hatakiwi kulijua. Ndiyo maana nimeificha barua kwenye boksi la gundi uliyoniagiza. Najua watoto hawatii mkono humo.

Hoteli imetupa zawadi sisi wa dobi. Kila mmoja amepewa siku mbili za kulala pale kama mgeni, yeye na familia yake, pamoja na tiketi za kuingia ile bustani ya michezo iliyo ng'ambo ya barabara. Miaka minne nafua taulo za watoto wanaotoka kule wamelowa. Nazijua kwa harufu, dawa ya maji na sukari. Naokota soksi ndogo zilizojificha kwenye mashuka, na kila nikiokota najiuliza mguu wa mwanangu Kishindo sasa umefika wapi.

Nataka kuwashtukiza. Shule zikifungwa, waambie wanakuja huku kupimwa macho. Uliniambia jirani yako nesi ana semina mjini, basi wapande naye, mimi nitawapokea stendi. Asubuhi yake nitawafunga vitambaa usoni, niwavushe barabara, niwafungulie mbele ya geti. Nimeiwaza hiyo asubuhi mpaka juzi nimeunguza foronya.

Wafungie nguo zao zote, hata za baridi, huku hali ya hewa haieleweki. Na ripoti za shule za Hakimu, nataka kuziona kwa macho yangu.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Gundi imefika, na barua yako imefika imeganda kwenye kifuniko cha kopo. Nimeibandua kwa kisu cha kukatia soli. Maneno kama matatu yamebaki kwenye kopo, lakini nimeelewa.

Nimefurahi. Natanguliza hilo kwa sababu nitakayosema baadaye yanaweza kusikika kama ya mtu asiyefurahi.

Hakimu hana shida. Alikuwa na miaka saba ulipoondoka baada ya msiba wa baba yao, anakukumbuka mpaka unavyokohoa. Wakati mwingine anawaambia wateja wangu, "Mama yangu angefanya hivi." Ni Kishindo. Ulimwacha anatembea kwa kushika ukuta. Sasa ana miaka mitano na ana msimamo wake kuhusu kila kitu, hasa kuoga. Picha yako iko ukutani na anaijua, lakini kujua picha ni kitu kimoja. Usimkimbilie pale stendi. Usimbebe mbele za watu. Kaa chini, mbali kidogo, umwache aje mwenyewe. Na akisema neno ambalo hukulitarajia, usiliweke moyoni. Kuna jambo nilitaka kukueleza kuhusu namna anavyowaita watu, lakini tutaongea siku nyingine.

Nimewaza nifunge kibanda nije nao. Si kwa ajili ya bustani. Yale magurudumu ya angani yananitia kichefuchefu hata kwenye televisheni. Ni kwa ajili ya siku ya kwanza tu, mpaka azoee. Mimi hata sakafuni nalala.

Halafu hilo la macho. Hakimu anaona sisimizi upande wa pili wa barabara. Nitasema wa kupimwa ni Kishindo.

Dada yako


15 Juni

Dada,

Usije. Naomba usinielewe vibaya. Chumba kina vitanda viwili tu na meneja wetu ni mtu wa kuhesabu vichwa. Halafu nataka niwe nao peke yangu. Wewe umekuwa nao kila siku, kila mlo, kila homa. Mimi nimekuwa na taulo.

Tunapoanikia mashuka, juu ya paa, gurudumu kubwa la bustani linaonekana lote. Jana lilisimama likiwa limebeba watu juu kabisa, wakawa wanapunga mikono. Nikapunga na mimi. Msimamizi akaniuliza namjua nani kule. Nikamwambia, bado.

Nimesoma yote uliyoniandikia kuhusu Kishindo. Lakini dada, yule nimemzaa mimi. Sihitaji kufundishwa kukaa mbali naye kidogo.

Mdogo wako


21 Juni

Mdogo wangu,

Nesi ndiye atakayekupa barua hii. Watoto hawa hapa wameshaoga, wamekaa juu ya mabegi yao, na Kishindo anauliza kama daktari wa macho ana mbwa.

Viatu nimewatengenezea mwenyewe, ngozi nzuri. Vya Kishindo nimeviwekea soli nene maana unajua jina lake halikutoka hewani, mtoto huyu hatembei, anapiga hodi ardhini. Havai soksi zenye mshono mbele ya vidole. Yai likipasuka kiini halili. Analala miguu yake ikigusa mtu. Si lazima umkumbatie, mguu kwa mguu unatosha. Akiamka huwa anaita. Muitikie haraka, kabla hajaita mara ya pili.

Ameniuliza atarudi lini. Nimemwambia baada ya siku chache. Akauliza chache ni ngapi, nikamwambia ni chache kuliko vidole vyako. Anavihesabu mpaka sasa.

Wakirudi niambie kila kitu, na hasa uso wa Hakimu ukimfungua kile kitambaa.

Dada yako


27 Juni

Dada yangu,

Walifika salama na mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Ungewaona pale getini. Nilipofungua vitambaa, Hakimu alinyamaza, na wewe unajua kwamba Hakimu kunyamaza ni habari ya kutangazwa. Kishindo alicheka mpaka akakaa chini. Tumepanda treni ya angani, magari ya kugongana, farasi wa mbao, kila kitu. Kishindo ameniganda, haniachi hata nikienda kuchota maji.

Najua nesi amerudi bila wao. Kishindo ana mafua kidogo na sikutaka asafiri nayo. Waache wapumzike kwanza, shule bado hazijafunguliwa. Na simu yangu inasumbua, spika imekufa, ndiyo maana ukipiga hatusikilizani. Usihangaike kupiga.

Mdogo wako


1 Julai

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Kishindo hajambo kidogo.

Barua hii naiandikia dobini, juu ya meza ya kukunjia mashuka. Tunashinda hapa Mama akiwa zamu. Dada wa mapokezi amesema ataituma pamoja na barua za hoteli. Mama hajui, lakini sijakatazwa.

Kwanza, hatukupimwa macho. Nilijua tangu nyumbani, kwa sababu daktari wa macho hawezi kutaka mtu aje na nguo zake zote, hata za baridi. Lakini sikujua ni bustani. Mama alitufunga vitambaa, tukavuka barabara tumeshikana mikono, magari yanapiga honi. Alipotufungua niliona geti kubwa lina taa mchana, na nyuma yake kuna gurudumu refu kuliko nyumba zote. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nalia. Mama naye alikuwa analia. Kishindo hakulia, aliuliza choo kiko wapi.

Treni ya angani nimepanda mimi na Mama. Ikishuka unahisi tumbo limebaki juu. Nilipiga kelele na Mama akapiga kelele kuliko mimi, nikagundua sijawahi kumsikia akipiga kelele. Ilikuwa siku nzuri sana mpaka sungura alipokuja.

Yule si sungura, ni mtu amevaa vazi la sungura, ana kichwa kama pipa. Kazi yake ni kukumbatia watoto. Alimkumbatia Kishindo kwa nyuma. Kishindo alitoka mbio na zile soli zako, unasikia tu pa pa pa, halafu hatukusikia tena. Watu walikuwa wengi. Mama alikimbia huku na huku, anamuuliza kila mtu. Alienda mpaka kwenye bwawa akawa anaangalia majini.

Ndipo vipaza sauti vikaanza kusema. Vikasema, "Tuna mtoto wa kiume, fulana ya mistari, hataki kutaja jina. Anasema amekuja na dada yake na mama mdogo wake. Mama yake hayupo, anatengeneza viatu. Mama mdogo afike geti kuu." Wakarudia mara mbili. Mama alisimama akasikiliza, halafu akaendelea kutafuta. Nikamvuta gauni. Nikamwambia, "Mama, ni sisi." Akasema, "Siye huyo, huyo amekuja na mama yake mdogo." Nikamwambia, "Mama, anayetengeneza viatu ni Mama Mkubwa. Mama mdogo ni wewe."

Tulitembea mpaka getini, hatukukimbia.

Kishindo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi anakula biskuti. Aliponiona alinikimbilia mimi. Mlinzi akamuuliza Mama, "Wewe ndiye mama mdogo wake?" Mama akasema ndiyo. Mimi nilitaka kumsahihisha yule mlinzi lakini Mama aliniminya mkono. Akapewa kitabu akaweka sahihi, tukatoka. Tiketi za gurudumu kubwa zilikuwa bado. Hatukupanda.

Kitu kingine. Tulipotoka hotelini tulikwenda anapokaa Mama. Chumba chetu kina kitanda cha ghorofa, kipya, kina nailoni bado. Jumatatu akatupeleka shule moja yenye uwanja, mwalimu mkuu akasoma ripoti zangu akanipa mkono. Nikamuuliza Mama tunarudi nyumbani lini. Akasema hii ndiyo zawadi yenyewe, bustani ilikuwa mwanzo tu. Akasema, "Mtaishi na mimi." Alikuwa anacheka lakini alikuwa anatuangalia sana.

Mimi nilifurahi, Mama Mkubwa, siwezi kukudanganya. Nilikuwa naomba kitu hicho kila siku kimyakimya. Halafu nikakukumbuka, nikawa sijui uso wangu niuweke wapi.

Kishindo akauliza, "Na Mama je?" Mama akamwambia, "Mama ni mimi." Kishindo akasema hapana, lakini kwa adabu. Sasa hivi kila asubuhi anavaa viatu anakaa mlangoni. Vidole vimemwishia akaanza kuhesabu vya miguu.

Simu ya Mama haijaharibika. Anaizima ukipiga, kwa sababu Kishindo akisikia sauti yako hawezi kunyamaza tena.

Je, wewe ulijua? Naomba unijibu.

Hakimu


6 Julai

Mdogo wangu,

Sikupigii simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitasema maneno ambayo hayafutiki. Kwenye karatasi naweza kukata mstari. Barua hii nimeshaikata mara nyingi.

Hakimu ameniandikia. Usimkemee. Hakufanya kosa, na katika sisi watatu ndiye pekee aliyesema kweli.

Watoto ni wako. Sijawahi kusema vingine, mbele ya mtu wala moyoni. Nilijua siku moja utawachukua, kama mtu anavyojua mvua itanyesha huku nguo amezianika. Lakini ungeniambia ningewaaga. Hicho tu. Niliwapeleka stendi kama watu wanaokwenda kupimwa macho. Kishindo alitoa kichwa dirishani, na mimi nikamwambia afute kamasi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, futa kamasi. Na kabla ya hapo nilikuwa nimempa ahadi ya vidole vyake. Mtoto huyo hajawahi kushika neno langu likamponyoka. Sasa anakaa mlangoni anahesabu kwa ajili ya uongo ambao mimi mwenyewe sikujua kuwa ni uongo.

Ulisema ni siri ya watoto. Kumbe aliyefungwa kitambaa ni mimi.

Na wewe una la kuniuliza, najua. Hakuna aliyemfundisha. Alipoanza kusema aliniita Mama Kuba. Hilo Kuba lilimpa tabu, akaliacha, akabaki na Mama. Nilimsahihisha. Nimemsahihisha mwaka mzima, barabarani, kibandani, mezani. Halafu asubuhi moja alikuwa na homa, ameinua mikono, anaita. Nikaitika. Baada ya hapo sikuwa tena na ulimi wa kumsahihisha. Wewe, alinisikia kwenye simu nikikuita mdogo wangu, basi akapanga mwenyewe, mdogo wake mama ni mama mdogo. Hesabu yake haina kosa. Wakosaji ni sisi tuliompa namba.

Hilo ndilo nililotaka kukueleza nikasema litangoja. Nami nilikuficha.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Barua yako nimeisoma chumba cha mashine, palipo na kelele, ili nisisikike.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nilitaka kukuuliza kwa nini uliniacha nitoke mbio mpaka stendi na mikono wazi, wakati ulijua. Sasa nayaona hayana mahali pa kukaa. Ulinionya. Mimi ndiye niliyejibu kama mtu anayetetea kiti.

Sikukuambia kwa sababu nilikuogopa. Sikuogopa kwamba ungekataa. Niliogopa kwamba ungekubali. Ungekubali, ungefungasha, na mimi ningeuona uso wako ukifungasha, ningeahirisha tena mwaka mwingine. Nimeahirisha kila mwaka. Nikaona nikiita zawadi, itakuwa zawadi.

Lile tangazo la bustani nimelisikia mara zote mbili, dada, vizuri kabisa. Na unajua niliwaza nini? Niliwaza, maskini huyo mama mdogo, sijui yuko wapi saa hizi, roho iko juu juu. Nikamhurumia. Nikaendelea kuangalia majini.

Kishindo hanichukii. Afadhali angenichukia. Ananiambia asante. Ananiomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikimpa chakula anakula nusu, anasogeza sahani, anasema ameshiba, nashukuru, kama mgeni aliyefundishwa nyumbani kwao asionekane mlafi. Jana kikombe kilimponyoka kikavunjika, akasimama akasema, "Mwambie Mama atalipa." Usiku ananipa mgongo, na miguu anaikunja isinifikie.

Nimeshindwa. Mwisho wa mwezi napata likizo fupi, nitamleta. Hakimu anataka kubaki na mimi, ameshapata marafiki na ameshaanza kuwahukumu. Nitabaki na mmoja. Labda ndiyo haki.

Mdogo wako


17 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika asubuhi. Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani kufagia chumba chao. Nikatoa godoro la Kishindo juani. Nikapiga msasa ule mguu wa meza unaomchoma kila siku. Niliporudi kazini wateja wakaniuliza, "Daktari wa Soli, leo kuna nini, unaimba." Nikawaambia mwanangu anarudi. Nilisema hivyohivyo, mwanangu, na hakuna aliyeshangaa.

Jioni nikaenda kuliingiza godoro, ndipo nikakaa juu yake nikawaza mpaka mwisho.

Utamleta. Atanirukia shingoni, na wewe utasimama hapo na begi mkononi, unatabasamu. Halafu utapanda basi. Ukishapanda hilo basi hutaweza kurudi kumchukua tena, kwa sababu utakuwa umeona anavyonirukia. Na mimi sitakuwa na mikono ya kumtoa. Hakimu atakulia huko, huyu atakulia huku, wataonana kwenye misiba. Mimi na wewe tumelala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa, tukigombania shuka. Leo unaniandikia haya yote na mimi nakujibu, kwa sababu ya lile shuka. Wao watagombania nini?

Usimlete. Naandika haraka na naipeleka sasa hivi kwenye basi, kabla kesho haijafika nikabadilika.

Jumapili nipigie, umpe simu, umwache peke yake chumbani. Nitamwambia mwenyewe. Maneno ninayo. Sauti ndiyo sina uhakika nayo, lakini siku haijafika.

Na kikombe kikivunjika, vunja na wewe kimoja, bahati mbaya. Mimi nilifanya hivyo.

Dada yako


9 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Shule zimefunguliwa. Hakimu amechaguliwa kiranja wiki ya pili, sijui walikuwa wanafanya nini kabla hajaja. Kishindo yuko darasa la chini, mwalimu wake anasema anasikika akija tangu getini.

Sijui ulimwambia nini ile Jumapili. Nilikaa nje ya mlango kama ulivyotaka, mpaka nikasikia akisema, "Sawa." Alitoka, akanipa simu, akavua viatu. Siku hiyo hakukaa tena mlangoni. Nilimuuliza mliongea nini, akasema ni mambo yake na Mama Mkubwa. Alitamka lote, Mkubwa, polepole, kama anayebeba kitu kizito asikiangushe. Mimi bado haniiti chochote. Anasema "samahani" halafu anasubiri nigeuke.

Ninachoandikia ni hiki. Jumapili mbili zilizofuata tumekupigia, hupokei. Unaumwa? Ile ya kwanza nilidhani umekwenda msibani. Juzi alipiga mwenyewe, siku hizi anaijua namba yako. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akaiweka simu kitandani akaitazama. Halafu akalia, dada, kilio ambacho sijawahi kumsikia tangu aje, maana hapa alikuwa analia kwa adabu. Sikujua nifanye nini. Nikakumbuka ulivyoniandikia, nikakaa sakafuni, mbali kidogo, sikumshika. Alilia pale muda mrefu. Halafu akaja. Akaegemeza kichwa ubavuni mwangu, akaninyooshea miguu juu ya mapaja, akalala na kwikwi zake. Sikuthubutu kusogea mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Hakimu alitaka kuwasha taa nikamkataza.

Kama umenikasirikia una haki, lakini yeye hana kosa. Pokea tu, hata dakika moja, asikie kwamba upo.

Mdogo wako


14 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Siumwi, na hasira zimekwisha zamani.

Simu ilikuwa mezani, mbele yangu. Niliona inaita. Jumapili ya kwanza niliikalia mikono mpaka ikanyamaza. Hii ya juzi ilipoita mara ya pili ilibidi nitoke nje, nikasimama barabarani kama mtu anayengoja mteja. Mama mmoja akapita akaniuliza nimefungua, nikamwambia ndiyo, akanipa kiatu, nikakishika tu. Sikumbuki alisema kina tatizo gani.

Hakimu aliniandikia kwamba Kishindo alipoongea na mimi ile Jumapili, Jumatatu yake akaanza kuhesabu kwenda Jumapili nyingine. Kwa hiyo kwako alikuwa anaishi kama abiria. Anakula, anaoga, anakwenda shule, anangoja kituo chake kifike. Nikaona tatizo ni mimi. Niko karibu mno kwenye simu. Nisipopokea atalia, na akilia, atakayekuwepo chumbani ni wewe.

Sikuwa na uhakika. Wiki hizi mbili nilikuwa najiambia labda nimemtupa mtoto. Barua yako imenijibu. Hilo la kukunyooshea miguu nimelisoma nimesimama, nikalisoma tena nimekaa.

Nitapokea, lakini si sasa. Siku akianguka akaumia, na jina la kwanza kumtoka likawa lako, lolote atakalokuwa ameamua kukuita, nipigie wewe mwenyewe uniambie. Kuanzia siku hiyo nitapokea kila anapopiga, hata nikiwa na misumari mdomoni.

Jumapili hii atapiga tena. Itaita, na mimi nitakuwa hapahapa. Hilo usimwambie. Mwambie Mama Mkubwa ana wateja wengi, viatu vya watu vimemzidi, atapiga akipata nafasi. Akilia usiongeze neno. Kaa chini, umngoje aje.

Dada yako